Miti haibatizwi: nilivyopata wasimamizi wa miche shuleni kwetu Bagamoyo

Jumapili ya tatu ya Kwaresima, tarehe 20 Machi 2022, nilikuwa benchi la nyuma kanisani ikisomwa Injili ya mtini usiozaa. Mwenye shamba anasema miaka mitatu anakuja kutafuta matunda hapati, ukatwe. Mtunza shamba anauombea: uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi. Nilishaisikia mara nyingi. Siku hiyo iliniingia vibaya, kwa sababu mwalimu wa mazingira shuleni ni mimi, na kwenye mkoba wangu ilikuwemo risala niliyoandika kwa ajili ya siku ya kupanda miti, tarehe 1 Aprili. Risala yenyewe nilikuwa nimeinakili ya mwaka uliotangulia. Idadi ya miche tu ndiyo niliyobadilisha.

Tukapanda miche 60. Mwarobaini, mikungu, mizambarau, na mivinje kidogo upande unaoelekea baharini. Wageni walikuja, picha zikapigwa, soda zikanywewa. Mwalimu mkuu akafunga kwa kusema masika yameanza, mvua itamalizia kazi.

Septemba nilizunguka na daftari nikahesabu. Saba.

Anayeijua Bagamoyo hatashangaa. Masika yanakwisha Mei, watoto wanakwenda likizo, kusi linaanza kuvuma na kukausha mchanga. Kisima cha shule kina maji ya chumvichumvi. Mbuzi wa jirani wanaijua ratiba ya shule kuliko wazazi, kengele ya likizo ikilia wao ndio wa kwanza kuingia. Ukipanda Aprili umempa mche miezi miwili ya raha, kisha miezi minne ya adhabu.

Na neno adhabu ndilo hasa lililonikera. Mtoto akichelewa namba, "kamwagilie miti". Akipiga kelele darasani, "ndoo mbili kwenye miti". Nilikuwa nafanya hivyo mimi mwenyewe, wala simsingizii mtu. Siku moja nilimkuta mtoto wa darasa la tano akimwaga ndoo nzima kwenye njia, mbali kabisa na mche. Nikamuuliza mbona hivyo. Akanijibu kwa heshima zote: "Madam, uliniambia nimwage ndoo mbili. Hii ya pili."

Katekista wetu alikuwa na nakala ya waraka wa Papa Francisko wa mwaka 2015, Laudato si', Sifa iwe kwako. Nikaazima. Nilitegemea maneno makubwa ya hali ya hewa, na yamo. Lakini kifungu cha 211 kilinichekesha: Papa anahesabu kupunguza plastiki, kutopoteza maji, kutenganisha taka, kupika chakula kinachotosha kuliwa tu, kupanda miti, kuzima taa zisizo na kazi. Kama mama yangu akigombana na watoto jioni. Kabla ya orodha hiyo anasema sheria na kanuni peke yake hazitoshi, mpaka watu wenyewe waguswe na kutaka. Nikamkumbuka mtoto na ndoo yake ya pili.

Kitu cha kwanza nilichofanya, basi, ni kuomba kwenye kikao cha walimu kwamba kumwagilia miti kusiwe adhabu tena. Walinicheka kidogo. Mmoja akauliza, "Sasa tutawaadhibu kwa nini?" Swali la haki, na lilichukua kikao kizima. Tulikubaliana usafi mwingine wowote, ila miti iachwe.

Oktoba hiyo hiyo nilitaka kupanda tena kwa vuli, kwani hesabu yake ni nzuri: mche ukipata vuli na masika, kusi linaukuta na mizizi. Lakini vuli ile ilikuwa mbaya. Mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam wakaingia kwenye mgao wa maji. Nikaahirisha mpaka Machi 2023. Kumbe kungoja kulinifaa, wazo lilikuwa halijaiva.

Wazo lilitoka kwenye kipindi cha dini. Siku ya kipindi watoto wanagawanyika: Waislamu, ambao kwetu ndio wengi, wanakwenda kwa ustaadhi, wetu wanabaki kwa katekista, nami namsaidia. Tulikuwa tunawaandaa wachache kwa ubatizo, katekista akaeleza kazi ya msimamizi: si mtu wa kusimama kwenye picha na kununua keki, bali ndiye atakayeulizwa mtoto huyu amelelewaje. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Na miti nayo ina wasimamizi?"

Darasa likacheka. Mimi sikulala.

Jumamosi nikaenda kwa Baba Paroko. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, karibu mwalimu. Nikamweleza mpango wangu wote, pamoja na jinsi tutakavyoibatiza miche. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwalimu, miti haibatizwi."

"Ni mfano tu, Baba."

"Hata kwa mfano. Watoto watachanganya. Sakramenti ni ya mtu." Nilinywea. Akaendelea: "Lakini Kanisa linabariki mbegu, linabariki mashamba na wanyama. Hivyo ni visakramenti, baraka tu, si sakramenti zenyewe. Lete miche Jumapili, nitaibariki. Na hilo neno msimamizi libaki, sioni kosa lake."

Mwalimu mkuu naye alikuwa na lake: "Shule ni ya serikali. Usiniletee kanisa uwanjani." Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimejisahau. Theluthi mbili ya darasa langu wangebaki pembeni wakitazama miche ya Wakristo. Nikamfuata ustaadhi, mtu mpole anayependa kahawa kuliko maneno. Akaniambia ipo hadithi ya Mtume kwamba hata Kiyama kikisimama nawe una mche mkononi, ukiweza kuupanda basi upande. Hakuhitaji kushawishiwa. Neno msimamizi tu ndilo alilolikataa, akasema kwa wake angetafuta jingine.

Hakulitafuta, watoto walilipata wenyewe. Kwa kuwa kila mche tuliupa jina la mtoto wake, wakaanza kuiita "somo". Huku pwani somo ni wajina wako, mtu mliyeitana jina moja, na kwa wasichana ni pia yule mwanamke anayewafunda. "Madam, somo yangu ana jani jipya." "Somo yake Zuhura ameliwa na mbuzi." Ndani ya wiki mbili hata watoto wa Kikatoliki waliacha msimamizi wakasema somo. Sikuwasahihisha. Baba Paroko alipolisikia akasema hilo ni zuri kuliko langu.

Kabla ya kupanda nikawapeleka watoto wa darasa la nne na la tano Misheni, ile misheni ya zamani ya Wakatoliki hapa Bagamoyo yenye mbuyu mkubwa. Wengi wamezaliwa Dunda na Magomeni za hapa hapa mjini lakini hawajawahi kuuzunguka ule mbuyu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika kutoka Zanzibar mwaka 1868 wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, na mbuyu ulipandwa mwaka huo huo. Kwenye shina unaonekana mnyororo uliomezwa na mti. Inasimuliwa kwamba Mama Chevalier, mwanamke Mfaransa aliyehudumu Misheni, alikuwa akifunga punda wake hapo, mnyororo ukaachwa, mti ukaendelea kunenepa. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza habari za utumwa, za mnara ambako mwili wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone uliletwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, na za miembe iliyopangwa njiani. Wakanisikiliza kwa adabu. Swali lililotoka lilikuwa moja: "Mbuyu ulipokuwa mdogo, nani alikuwa anaumwagilia?"

Sina jibu la jina. Niliwaambia walikuwepo watoto pale, watoto waliotolewa utumwani, na shamba lilikuwa sehemu ya maisha yao ya kila siku. Mmoja akauliza kama walikuwa wanaadhibiwa kwa kumwagilia. Nikabadilisha mazungumzo.

Kazi yenyewe sasa, kwa yeyote atakayetaka kujaribu. Tulipanda miche 45 tu, kwa sababu 45 ndiyo watoto waliokubali. Kila shimo tulilichimba wiki mbili kabla na kulijaza samadi ya mbuzi wale wale (nao wachangie). Kando ya kila mche tulizika chupa ya lita moja na nusu, kichwa chini, kitako kimekatwa, kizibo kimetobolewa kwa msumari wa moto. Chupa tuliziokota ufukweni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na kweli imepungua, lakini chupa bahari inaleta kila siku bure. Ukijaza chupa, maji yanashuka polepole hadi kwenye mizizi, kusi haliyapati. Kizibo ukikitoboa sana maji yanaisha kwa dakika chache, ukikitoboa kidogo mchanga unaziba. Tuliharibu zaidi ya ishirini kabla ya kupata kipimo.

Juu ya udongo tukaweka makumbi ya nazi, aliyotupa baba mmoja anayefua nazi. Makumbi yanashika unyevu ajabu. Yanaleta pia mchwa, hilo sikulijua, na miche minne ilikwenda hivyo. Tulizungushia majivu ya jikoni, wakapungua. Maji ya kisima yenye chumvi tuliwapa mivinje, ambayo haijali. Mingine ilipata maji ya kunawia mikono ya jikoni kwetu, yale yasiyo na sabuni nyingi. Uzio ni fito na matawi ya mndimu. Mbuzi mmoja aliruka hata hivyo. Huyo ni wa mwenyekiti, sitaki maneno zaidi.

Mwaka 2023 Kwaresima na Ramadhani zilikutana mwishoni mwa Machi. Watoto wakubwa waliofunga hawakuweza kubeba ndoo saa nane mchana, na sikutaka wabebe. Tukahamishia maji asubuhi kabla ya namba. Wale wa Kwaresima wakasema nao watakuja asubuhi, huo ndio utakuwa mfungo wao. Wengine walidumu, wengine walidumu siku tatu.

Likizo ya Juni ndiyo niliyoiogopa. Niliwaambia kitu kimoja tu siku ya kufunga: mvua haimo kwenye daftari la mahudhurio, nikiita jina haiitiki, mtakaoitika ni nyie. Wanaokaa karibu waligawana miche ya wanaokaa mbali, kila mmoja na Jumatatu na Alhamisi zake. Nilipita mara tatu bila kusema. Mara ya pili nilikuta bibi mmoja ameinama na kopo. Mjukuu wake alikuwa na homa. "Kaniambia nisipokuja somo yake atakufa. Nifanyeje?"

Septemba tukahesabu: 36.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe nilikuwa nimekosea hesabu nyingine. Wasimamizi tisa walikuwa darasa la saba. Walifanya mtihani wao wa taifa mwezi huo huo, wakaaga, wakaondoka, na miche yao ikabaki yatima. Hadi mwezi wa kumi na moja mitano ilikuwa imekufa, na wa kulaumiwa ni mimi niliyependa watoto wakubwa kwa sababu wana nguvu. Tangu hapo mche unapewa wawili, mmoja wa darasa la tatu na mmoja wa la tano, na mkubwa akiondoka mdogo anatafutiwa mwenziwe. Mei 2024 upepo wa Kimbunga Hidaya ulivunja mivinje miwili. Watoto waliizika. Sikuuliza kwa ibada ya nani.

Tarehe 23 Machi 2025 Injili ya mtini ikasomwa tena, kwa kuwa mzunguko wa masomo unarudi kila mwaka wa tatu. Miaka mitatu nimekuja. Baba Paroko alipofika kwenye samadi alinitafuta kwa macho kwenye mabenchi ya nyuma, nami nikajifanya natafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

Baada ya misa nilipitia shuleni kuchukua madaftari. Mwarobaini mkubwa umeshapita paa la darasa la pili, wadogo wanacheza bao la mchangani chini yake. Uwanja ulikuwa mtupu, ila upande wa choo kulikuwa na kijana ameinama na galoni. Nilimtambua kwa masikio. Ni yule wa ndoo ya pili, sasa yuko sekondari. Midomo ilikuwa imemkauka, Ramadhani ilikuwa kwenye kumi la mwisho.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Umefunga, na jua hili? Mpumzishe somo yako, masika yapo mlangoni."

Akamimina taratibu mpaka chupa ikajaa, akaifunika kwa kifuu mbu wasizalie.

"Mvua haimo kwenye daftari, madam," akasema, akachukua galoni lake.