Siku moja maishani mwangu: mti wa kahawa wa baba mkwe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Watu wa Dar huona mwanga mapema kuliko sisi. Huku kwetu Muleba mkoani Kagera, upande wa Kamachumu, bado ni giza la kupapasa ukuta. Mwezi huu wa saba jua halichomozi mpaka karibu saa moja. Nawasha moto, nabandika chai ya rangi, napasha kiporo cha ndizi na maharage. Wageni hunicheka: kibanja kizima (shamba la nyumbani) cha kahawa, halafu mwenye nyumba anakunywa chai. Ndivyo tulivyo. Sisi Wahaya kahawa tuliitafuna muda mrefu kabla ya kuanza kuinywa, na mama mkwe wangu mpaka leo hatoki nje ya uzio bila punje mbili tatu kwenye fundo la kanga.

Mume wangu yuko Mwanza kikazi, hivyo kibanja tunakiangalia mimi na mama. Tuna mibuni, yaani miti ya kahawa, mia tatu na kitu, yote ya aina ya robusta, imesimama katikati ya migomba kama ilivyo kwa kila mtu huku. Kuna wanaodhani robusta ililetwa na wamisionari. Hapana, huu ni mti wa misitu ya Afrika yetu hii, na kandokando ya Ziwa Viktoria watu walikuwa nao kabla ya mzungu. Ukiuacha tu unapanda juu mpaka uutafutie ngazi. Kazi kubwa ya mwaka mzima ni kuubakiza mahali mkono unafika.

Saa moja asubuhi

Umande wa kiangazi ni mwingi kuliko mtu anavyodhani. Nasubiri ukauke kidogo ndipo nifunue turubai kwenye vichanja. Vichanja vyetu ni nguzo za miti na wavu wa waya juu yake, kimo cha kiuno. Kahawa ya Kagera kwa kawaida tunaikausha na ganda lake, haimenywi mashineni ikiwa mbichi kama ya Kilimanjaro, na juani inakaa wiki mbili hadi tatu ikigeuzwa kila siku. Naipitishia mikono, natoa vijiti, natoa zilizooza. Halafu nachukua tunda moja, nalitikisa sikioni. Likilia kocho kocho, punje zimeachana na ganda. Rundo la mwisho kushoto linalia. La katikati bado kimya.

Jirani yangu mmoja anaanika chini, kwenye vumbi lilelile ambalo kuku wanachakura. Nimeshamwambia. Kahawa inabeba harufu ya mahali ilipolala, na kwenye mizani ya chama cha ushirika wanajua.

Saa mbili na nusu

Kina mama wawili wanaonisaidia kuchuma wamefika, malipo ni kwa debe. Sharti langu ni moja: nyekundu tu. Unashika tunda kwa vidole viwili, unalizungusha kidogo, linatoka bila kung'oa kikonyo. Kukwanyua tawi zima kwa kiganja ni haraka, lakini unaondoka na za kijani, unaumiza vifundo ambavyo mwakani vingetoa maua, na kwenye kichanja za kijani zinakuwa nyeusi na kujikunja. Uzuri wa robusta ni kwamba hailazimishi mtu kukimbia. Tunda likiiva linang'ang'ania tawini, halidondoki ovyo, kwa hiyo tunarudi kwenye mti uleule mara nne, tano, mpaka mwezi wa kumi.

Kinachotukimbiza ni chungu. Wale wadogo wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Ukigusa tawi lao wanakuingia mpaka shingoni, na ndoo unaimwaga.

Saa nne na nusu

Nyuma ya jiko la zamani kuna mbuni alioupanda baba mkwe kabla ya Vita vya Kagera. Shina lake limekatwa likachipua upya sijui mara ngapi. Wiki iliyopita ulikuwa mwekundu kuliko mingine yote, mpaka nikampigia mume wangu: "Ule wa baba umewahi!" Tukafurahi kwelikweli.

Leo nimeufikia na ndoo, mkono ukasita. Upande unaotazama zizi majani yalikuwa yamelegea kama nguo iliyosahaulika kambani, mengine yamepata rangi ya chai, mengine yako chini. Matunda mekundu, ndiyo, lakini mepesi. Nikaminya moja. Halikutoa ule utelezi mtamu ambao watoto huufyonza.

Nikajidanganya kwanza kwamba ni yule mdudu mweusi mdogo anayetoboa vitawi. Huyo namjua: ukigeuza kitawi, chini yake unakuta kitundu kama cha sindano, kitawi hicho kinakauka peke yake huku jirani zake wakiendelea kuwa kijani. Unakata, unachoma, yamekwisha. Niligeuza vitawi saba. Hakuna tundu hata moja.

Nikapiga magoti, nikakwangua gome pale shina linapoingia ardhini. Chini ya gome, mti mzima unatakiwa kuwa mweupe kama muhogo. Nikaona michirizi ya bluu inayokaribia kuwa nyeusi, imepanda juu kama wino uliovuja kwenye mfuko wa shati la mwanafunzi.

Mnyauko. Mnyauko fuzari, kwa jina lake kamili. Ni ukungu unaoziba mishipa ya maji ndani ya shina, na mti unakufa kwa kiu hata mvua ikinyesha. Uliitesa Kongo, ukaitesa Uganda, na huku Kagera ulionekana 1997. Dawa ya kunyunyizia haina msaada hapa. Na ule wekundu wa mapema, ulionifanya nimpigie mume wangu simu kwa furaha, ulikuwa dalili: mti unaokufa huivisha matunda kabla ya wakati.

Saa sita mchana

Nilimtumia afisa ugani picha tatu kwa WhatsApp. Jibu lilikuwa fupi: "Ng'oa, choma hapohapo, usiburute." Nilikuwa nalijua hilo jibu. Nilitaka tu lisemwe na mtu mwingine, ili nikamwambie mama kuwa si mimi.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Upande mmoja ndio umelegea," akasema. "Kata upande huo."

"Mama, ugonjwa umeshaingia kwenye shina."

"Huyu mti umekatwa kabla hujazaliwa, waitu. Ukachipua."

"Ulikatwa ukiwa mzima, mama. Sasa hivi ni mgonjwa."

Akanyamaza, akaosha utomvu mikononi. Halafu: "Basi kuni zake zije jikoni. Kuni za kahawa zinawaka vizuri."

Hapo ndipo ilipo shida, na si kwa mama peke yake. Kuni za mbuni kweli zinawaka vizuri, na ndiyo maana kila mtu huzibeba. Ugonjwa umetembea sana vijijini namna hiyo, begani mwa watu, kutoka kibanja hadi kibanja. Nikamwambia hata kijiti kimoja hakitoki. Chakula cha mchana tulikula kimya.

Saa nane

Nilimwita kijana wa jirani mwenye nguvu. Tukachimba kuzunguka shina, tukakata mizizi, tukaung'oa mzima pamoja na matunda yake, maana nayo sikutaka yafike kwenye kichanja. Tukaukatakata palepale shimoni, tukarundika majani makavu ya migomba, tukawasha. Mti mbichi hauwaki haraka. Ulichemka kwanza, povu likatoka kwenye ncha za matawi.

Nilipokuwa nakusanya majani yaliyoanguka ndipo nikaona kidonda: kovu la jembe kwenye shina, sentimita chache juu ya udongo, pana kama kidole gumba. Ni la mwezi wa tatu, na najua mkono ulioshika jembe, kwa sababu ni wangu. Nilikuwa napalilia haraka kabla ya mvua. Ukungu huu unapenda mlango kama huo. Kwenye shina la mbuni magugu yanang'olewa kwa mkono, sehemu nyingine unafunika kwa majani ya migomba na nyasi za rweya (mbuga yetu), ukiacha nafasi ya kiganja shina lisigusane na matandazo. Haya ninayaandika kwa urahisi sana leo.

Panga na msumeno tumeviosha kwa maji ya jiki, kisha tukavipitisha motoni. Mibuni mitano iliyo karibu nimeikagua mmoja mmoja na kuifunga kitambaa cheupe, nitaitazama kila siku tatu. Miwili iko kwenye mkondo wa maji kutoka pale. Hiyo inanitia wasiwasi.

Saa kumi jioni

Kazi ndogondogo. Nimeondoa maotea, yale machipukizi ya ziada, kwenye safu ya barabarani, nikabakiza mashina matatu kwa kila mti, kwa panga ambalo sasa naliosha kila nikihama.

Kijana wa pikipiki akapita, yule wa kila mwaka. "Mama, ya mwakani tunapanga vipi?" Anamaanisha butura: anakupa pesa leo mti ukiwa bado maua au hata bila maua, halafu msimu ukifika kahawa ni yake kwa bei ile ya shida. Niliwahi kuingia. Mwanangu alikuwa anaanza kidato cha kwanza, kukawa na godoro na sanduku na kila kitu. Mavuno yalipofika nilichuma mimi, nikaanika mimi, nikasimama pembeni kuangalia magunia yakipakiwa. Nikamwambia leo sina la kupanga.

Saa kumi na mbili na nusu

Jua linashuka nyuma ya migomba. Nakusanya kahawa kila kichanja katikati, nafunika turubai, naweka mawe pembeni. Rundo la kushoto litaingia kwenye magunia kesho.

Mama sikumwona jikoni. Nilimkuta kule nyuma, ameketi kwenye gogo, anasukumasukuma makaa kwa kijiti ili vipande vya mizizi navyo viungue. Hatua kama nne kutoka shimoni kulikuwa na kigingi kimechomekwa ardhini.

"Mche mpya ukae hapo," akasema. "Si palepale."

Nilikuwa nimepanga kumwambia hivyohivyo. Miche ya vikonyo (inayooteshwa kwa vipande vya mti) ya TaCRI Maruku, kituo cha utafiti wa kahawa, ile inayostahimili mnyauko, nitaifuata vuli ikianza. Nilimwambia, akaitikia kwa kichwa tu.

Akafungua fundo la kanga. Mwani, kama tunavyoita sisi Wahaya: kahawa iliyochumwa ingali kijani, ikachemshwa na majani yake ya harufu, ikakaushwa. Akachagua tunda moja, akalipasua kwa jino. Ndani punje mbili zimelaliana. Moja akanipa, moja akatia mdomoni.

"Ya mwaka jana," akasema, akionyesha makaa kwa kidevu. "Ya huyu."

Tukatafuna mpaka giza likaingia.