Kumbe Baba hakuwa anatupuuza

Leo nimempeleka Baba kupima masikio.

Ana kisukari aina ya pili, mwaka wa 11 sasa. Macho tunapima, miguu tunakagua kila jioni. Masikio? Hakuna aliyewahi kutuambia.

Nilimtazama kupitia kioo cha kile chumba. Kavaa hedifoni, kidole gumba juu ya kitufe, anasubiri mlio ili abonyeze.
Kidole kimetulia.
Kimetulia muda mrefu mno.

Daktari anasema sukari ikikaa juu miaka mingi inaweza kuharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu ndani ya sikio. Sauti nyembamba mara nyingi ndizo hutangulia kupotea. Kama ya mjukuu wake.

Na mimi nilikuwa namfokea, "Baba, si nimeshakwambia!"

Nani mwingine ana mzazi mwenye kisukari? Masikio yake yamewahi kupimwa?