Kabla ya kununua adapta ya lenzi, pima milimita

Adapta ni bomba linalounganisha lenzi ya aina moja na kamera ya aina nyingine. Kila maunti, yaani kiungo cha kufungia lenzi kwenye kamera, ina umbali wake kamili kati ya uso wa chuma inapokaa lenzi na sensa inayonasa picha. Huo ndio umbali wa flanji. Canon EF ina mm 44, Nikon F mm 46.5, na PL ya sinema mm 52. Kamera zisizo na kioo hazihitaji nafasi ya kioo kuinuka, kwa hiyo zimesogea karibu sana: Nikon Z mm 16, Sony E mm 18, Canon RF na maunti ya L mm 20. Chukua umbali wa lenzi, toa wa kamera, umepata unene wa adapta. EF kwenda Sony E ni mm 26, PL kwenda RF ni mm 32. Jibu likitoka hasi, kama lenzi ya EF kwenye kamera ya Nikon F, lenzi haitaweza kuweka fokasi kwenye ∞ (umbali usio na kikomo, kama milima ya mbali) bila kuongezewa vioo vya lenzi ndani ya adapta, na vioo hivyo mara nyingi hushusha ubora wa picha.

Hesabu hiyo ni rahisi. Kazi iko kwenye usahihi wa bomba lenyewe, na hapo ndipo adapta za bei ya chini zinapowaponza watu. Tuseme adapta imezidi unene kwa mm 0.1 tu. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa mm 100 iliyowekwa kwenye ∞ itakuwa kali kwenye mita 100 hivi, na huenda hata usigundue. Lenzi ya mm 24 kwenye adapta hiyohiyo itaishia kwenye mita 5.8 hivi, milima yote ya nyuma itakuwa ukungu. Ndiyo maana watengenezaji wengi hufanya adapta iwe nyembamba kidogo kwa makusudi, lenzi ipitilize ∞. Kwa picha za kawaida si neno. Kwa filamu ni balaa, kwa sababu namba za umbali kwenye lenzi hazisemi kweli tena, na zumu ya sinema uliyoiweka fokasi ukiwa umevuta karibu inapoteza ukali ukifungua kwenda upana.

Kuijaribu, tumia lenzi pana ya fokasi ya mkono, mm 24 au chini yake, apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) ikiwa wazi kabisa. Weka kamera kwenye tripodi, kisha pima mita 2 kwa futi ya chuma kuanzia alama ya sensa juu ya kamera, ile duara iliyokatwa na mstari. Kuza picha kwenye skrini, weka fokasi, usome namba kwenye lenzi. Kwa lenzi ya mm 24, ikisoma karibu mita 1.5, adapta ni nyembamba kwa takriban mm 0.1, ikisoma mita 3, ni nene kwa kiasi hicho. Rudia na lenzi nyingine: zote zikikosea upande mmoja, mkosaji ni adapta. Nyembamba hurekebishwa kwa shimu, vipande vyembamba vya chuma vinavyowekwa chini ya bamba la maunti, unene uleule mzunguko mzima, la sivyo upande mmoja wa picha utalegea. Nene irudishe dukani. Na kama maunti ni ya Kijapani, tafuta bisibisi ya JIS. Ile ya kawaida ya msalaba huchubua vichwa vya skurubu.

Kupwaya nako kusidharauliwe. Shika lenzi, izungushe kidogo kulia na kushoto. Ikicheza, kila mota ya fokasi inapobadili mwelekeo picha itaruka pembeni. PL inashinda hapa: lenzi haizunguki, ni pete ya kamera inayokazwa juu yake. Lenzi nzito lazima ipate mhimili kwenye nondo za mm 15 zinazofungwa chini ya kamera, isininginie kwenye adapta.

Upande wa umeme, apacha ya EF inaendeshwa na mota ndani ya lenzi. Ukitumia bomba tupu lisilo na miguso ya umeme, inabaki wazi. Ukiwa na DSLR ya Canon (kamera yenye kioo) kuna njia: chagua f/5.6, bonyeza na ushikilie kitufe cha kuonyesha kina cha picha, kisha chomoa lenzi. Apacha itabaki hapo. Lenzi zinazoendesha fokasi kwa umeme hazisaidiki kwa njia hiyo.

Kwa lenzi isiyo na miguso, ruhusu kamera ipige bila lenzi kwenye menyu, kisha andika urefu wa fokasi kwenye mpangilio wa kutuliza mtikisiko. Ukiacha mm 50 huku umefunga mm 24, sensa itasogea kupita kiasi na video itayumba hata mikono ikiwa imetulia.