Kipande cha chuma kinachoshika ekseli

Leo jioni nimemaliza kukipiga tupa kile kipande cha chuma kinachoshika ekseli ya gurudumu la nyuma. Katika kazi zote za skuta hii ya umeme, ya kusimama, ninayoiunda mwenyewe, hakuna iliyoniteka kama hii. Ukikitazama ni chuma tu: unene wa milimita 6, urefu wa kuzidi kiganja kidogo, upande mmoja kina tundu lenye mabapa mawili, yaani kuta mbili zilizonyooka, upande wa pili tundu la bolti. Ukisimama juu ya skuta hukioni. Hata hivyo nakipenda kuliko betri, kuliko mota, kuliko taa niliyoiundia ganda kwa bomba la alumini.

Sababu ni hii. Mota ya skuta yangu imo ndani ya gurudumu lenyewe. Ganda la nje lina sumaku, nalo ndilo linalozunguka na tairi. Koili, yaani nyaya za shaba zilizozungushwa, zimekaa ndani, zimefungwa kwenye ekseli, na ekseli hiyo haitakiwi kuzunguka hata kidogo. Sasa umeme unapopita, koili zinazisukuma sumaku kwenda mbele, na sumaku nazo zinazisukuma koili kurudi nyuma kwa nguvu ileile. Kwa maneno mengine, kila ninapobonyeza kitufe cha mwendo, ekseli inahangaika kujizungusha kinyume ndani ya uma, zile pande mbili za fremu zinazolishika gurudumu. Kinachoizuia ni yale mabapa mawili yaliyochongwa ubavuni mwake, yanayokaa kwenye mdomo wa uma.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nikate chuma. Ekseli ina kipenyo cha milimita 12, na kutoka bapa moja hadi jingine ni milimita 10. Ukichora umbo hilo utaona kila bapa lina upana wa milimita 6.6 hivi. Msokoto wa mota yangu, yaani nguvu yake ya kuzungusha, ikijitahidi ni kama newtoni-mita 20, kiasi ambacho kwa mkono mrefu wa spana si kitu cha kutisha. Lakini hapa mkono, yaani umbali ambao nguvu inafanyia kazi, ni ule upana wa bapa, milimita 6.6 tu. Gawanya, utapata takribani newtoni 3000 kwenye pembe za ekseli, sawa na kuzibebesha uzito wa kilo 300, na uma wenyewe ni wa alumini. Chuma kigumu chenye pembe kali kikisukumana na alumini, alumini ndiyo inayoliwa. Kwanza mdomo wa uma unapanuka kidogo usichoweza kukiona, kisha ekseli inapata nafasi ya kucheza, na siku moja inazunguka mzima, inazikata nyaya zinazopita ndani yake na gurudumu linachomoka. Nati husaidia kwa kubana, lakini mimi sikubali nati pekee ibebe jukumu hilo.

Kipande changu kinaubadilisha mkono. Tundu lake linaikumbata ekseli, halafu kinanyooka sentimita 10 hadi kwenye bolti iliyopita katikati ya uma. Pale kwenye bolti, zile newtoni-mita 20 zimeshuka hadi newtoni 200, uzito wa kilo 20 tu, mzigo ambao uma unaubeba bila kulalamika. Pembe za ekseli bado zinasukuma kwa nguvu ileile, ila sasa zinasukuma chuma kinene kilichokaa sawasawa. Nguvu haikupungua hata chembe. Imepelekwa mahali panapoiweza.

Hilo neno “sawasawa” ndilo lililonila muda. Mota hii ina breki ya kurudisha umeme kwenye betri, na kila inapofanya hivyo msokoto unageuka upande. Tundu likilegea hata kwa unene wa karatasi, ekseli itapiga mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka nati ilegee yenyewe. Kwa hiyo naipaka ekseli wino mzito, naivisha kipande, nakivua, natazama wino umehamia wapi ndani ya tundu. Paliposhika wino ndipo panapogusa. Napapitisha tupa kidogo tu, nafuta, napaka tena. Mwishoni kilikuwa hakiingii kwa vidole, kinataka kugongwa taratibu kwa nyundo ya mbao, na kikishaingia hakina mchezo wowote. Nimekijaribu kwa spana ndefu kwa nguvu zangu zote na hakikutikisika.

Shingo ya usukani nayo ina habari ya mkono, ila hapo mkono unafanya kazi dhidi yangu. Usukani uko kama mita moja juu ya kibao cha kusimamia. Mwendeshaji akifunga breki kwa ghafla, mwili unaegemea mbele na mikono inausukuma usukani. Newtoni 300 pale juu zinafika chini zikiwa newtoni-mita 300, nazo zote zinakutana kwenye mshono mmoja. Ndiyo maana niliamua skuta yangu isikunjike. Bawaba na komeo vina raha yake kwa anayepanda basi nayo, mimi nimechagua bomba moja la chuma lisilokatwa. Fundi aliyenichomelea alinikuta nimeshika mashine ya kusagia, nataka kuusawazisha mshono upendeze. “Usiusage, mwanangu,” akaniambia. “Unene huo ndio kazi yenyewe.” Nimeuacha na mawimbi yake, nimepaka rangi juu yake tu.

Shingo ya skuta imetwishwa mengi tangu zamani, kwa kweli. Autoped, skuta ya injini iliyotengenezwa New York kuanzia mwaka 1915, iliendeshwa kwa shingo hiyo hiyo: ukiisukuma mbele klachi inashika, ukiivuta nyuma klachi inaachia na breki inafunga. Injini ilikaa juu ya gurudumu la mbele. Nikiitazama picha yake namwonea fahari yeyote aliyeipiga tupa bawaba ile.

Kibao chenyewe ni mbao za tabaka zilizogundishwa, chini yake sanduku la betri la bati la alumini nililolikunja kwa jiliwa. Hapo hakuna hadithi kubwa.

Betri ndiyo sehemu niliyoiogopa, na naona woga huo ulikuwa wa haki. Ni seli 40 za lithiamu za aina ya 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Nimezipanga nne nne sambamba, kisha makundi kumi mfululizo. Hiyo inatoa volti 36, na ikijaa ni volti 42. Kila seli ina ampea-saa 2.5, basi betri nzima ni ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Mota ikivuta ampea 20, kila seli inatoa tano tu, na hazichemki.

Wapo wanaozichomoa seli kwenye betri za kompyuta mpakato zilizochoka, na kwa taa ya mezani sina neno nao. Kwa chombo nitakachosimama juu yake, sikubali. Makundi yakiwa mfululizo, kundi dhaifu ndilo linaloisha kwanza, na mengine yanaendelea kulikamua likiwa tayari limekauka. Saketi ya ulinzi, ile BMS, inalinda hapo kwa kukata umeme, lakini haiwezi kuifanya seli mbovu iwe nzima. Nilinunua zote mpya, za aina moja, na kabla ya kuziunganisha nilizipima volti moja moja.

Utepe wa kuziunganisha uwe nikeli halisi. Unauzwa pia utepe wa chuma uliopakwa nikeli juu, unang’aa vilevile, ila chuma hupitisha umeme kwa tabu na hivyo hupata joto. Kuutambua ni rahisi: kwaruza kipande kwa msasa, kitie kwenye maji ya chumvi, kiache. Kikipata kutu, ni chuma. Na utepe unaungwa kwa mashine ya kuchomelea nukta, inayopiga mkondo mkubwa kwa milisekunde chache tu, joto lisipate nafasi ya kuzama ndani ya seli. Chuma cha kulehemu hukaa pale muda mrefu mno.

Jaribio moja nalipendekeza kwa yeyote mwenye mota ya namna hii mezani, maana halina gharama. Mota ina nyaya tatu nene za koili. Zikiwa zimeachana, zungusha gurudumu kwa mkono, linateleza kwa wepesi. Sasa ziguse pamoja, shaba kwa shaba, uzungushe tena. Gurudumu linakuwa zito kama limetiwa kwenye asali, na kadiri unavyolilazimisha ndivyo linavyokukatalia. Mota iliyozungushwa inageuka jenereta, na umeme wake ukipata njia unapingana na mkono unaouzaa. Ukilisikia hilo kiganjani, breki ya umeme haihitaji maelezo tena.

Watu wakija kuitazama, swali lao la kwanza ni moja: inakimbia kiasi gani? Kwa volti 36 na tairi hizi, hesabu yangu inatoa kilomita 25 kwa saa. Nimeshauriwa niongeze makundi matatu ya seli nifikie volti 48 hivi, mwendo upande hadi kama 33. Inawezekana, na sifanyi. Mwendo ukiongezeka kwa theluthi, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza inakaribia kuwa mara 1.8, na gurudumu dogo linalokutana na shimo halikupi nafasi ya pili. Kwangu volti za ziada zinakuja baada ya breki, na breki bado hazijakamilika.

Zitakuwa mbili, kila moja na kebo yake. Ya mbele ndiyo yenye uwezo zaidi, kwa kuwa uzito unahamia mbele unapofunga, lakini skuta ni fupi na mtu amesimama wima, basi ya nyuma inahitajika ili kumtuliza. Kwenye kila mpini wa breki naweka swichi ndogo inayokata mota kabla diski haijaguswa, breki na mota zisije zikavutana. Swichi ya kulia imeshakaa. Ya kushoto naifunga kesho, na mpaka hapo waya wa betri unabaki umechomolewa.