Miaka mitatu na Datsun 240Z: kutu, breki za Hilux na joto la foleni

Nilipolikuta gari hili kwenye banda la nyumba moja ya Upanga, Dar es Salaam, lilikuwa limefunikwa turubai ambalo lenyewe lilikuwa limeota ukungu, na matairi yote manne yalikuwa yamekwisha upepo hadi rimu zikakalia sakafu. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kulia, mali ya mzee aliyekwisha kufariki, ambaye wanawe walihitaji nafasi ya banda kuliko walivyohitaji fedha. Tulihakikisha kwamba namba ya injini na ya chesesi zinalingana na kadi ya gari, tukaelewana bei, na wiki iliyofuata likaletwa nyumbani Kimara juu ya gari la kubebea magari mabovu huku majirani wakiniuliza kama nimenunua vyuma chakavu.

Wazee wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa gari hili ni lipi. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za Safari mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo tena baada ya kufungana kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa pia kwenye Datsun, ya aina nyingine. Vijana, kinyume chake, walipofungua boneti walikuwa na shauri moja tu: toa hiyo injini, weka 1JZ ya Toyota. Shauri hilo si la kipuuzi, kwa kuwa injini za 1JZ kutoka kwenye Mark II na Chaser zilizotumika si ngeni kwa mafundi wa hapa, na toleo lake la turbo lina nguvu karibu mara mbili ya injini ya Datsun. Hata hivyo nilikataa. Injini ya L24, silinda sita mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, ilikuwa inazunguka kwa mkono na haikuwa na ufa, na sikuona sababu ya kuongeza nguvu kwenye bodi ambayo sikuwa na hakika kama ingeweza kubeba hata kiti cha dereva. Nikajiwekea sharti kwamba kila nitakachoboresha kiweze kufunguliwa kwa spana na kurudishwa kilivyokuwa, bila kukata chuma cha asili.

Chuma cha asili chenyewe, kumbe, kilikuwa kimebaki kidogo. Ili kujua wapi bati limebaki, nilizungusha sumaku ya spika, niliyoifunga kitambaa ili isikwaruze rangi, kuanzia madigadi ya mbele hadi kwenye buti. Juu ya paa ilinata vizuri. Ilipofika nyuma ya magurudumu ya mbele ikaanza kuteleza, na kwenye kizingiti cha mlango wa kushoto ikaanguka kabisa. Fundi bati niliyekuwa nimemwomba aje kutoka mtaa wa Gerezani alipiga pale kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza, kisha akasema, “Bosi, hapa hakuna bati, hapa kuna puti.” Tulipokwangua tulikuta puti, yaani dongo la kujazia mashimo ya bodi, nene kama kidole gumba, na chini yake gazeti lililokunjwa kuziba tundu. Aliyefanya kazi ile zamani simjui wala sina haja ya kumjua, lakini nilikaa siku mbili bila kugusa gari kwa hasira.

Kwa asiyelifahamu gari hili, ni vyema aelewe kwamba halina fremu nzito ya chini kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kutu kwenye sakafu na vizingiti si suala la sura bali la uti wa mgongo. Upepo wa bahari wa Upanga ulikuwa umefanya kazi yake, lakini maadui wakubwa walikuwa wawili wengine. Wa kwanza ni asidi ya betri, ambayo kwa miaka mingi ilidondoka kwenye sahani inayokalia betri, ikaila, kisha ikashukia reli ya chini yake. Wa pili ni majani. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji unaopokea maji ya mvua na kuyatoa kwa matundu madogo ya pembeni, na mfereji huo ulikuwa umejaa majani ya mwembe yaliyooza yakawa udongo mweusi, hivi kwamba kila masika maji yalibaki humo, yakatafuta njia yao wenyewe, nayo ikawa miguuni kwa abiria.

Kabla ya kukata sakafu tulichomelea bomba la chuma kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, pande zote mbili, kwa sababu bodi ya namna hii ikikosa sakafu hujikunja kidogo, na milimita chache tu zinatosha kufanya mlango usifunge tena. Sakafu mpya ilikunjwa kwa bati la geji 18. Mafundi wengi wa mtaani huchomelea bati kwa moto wa gesi, ambao kwa maoni yangu unapasha eneo kubwa mno na kulifanya bati livimbe mawimbi. Sisi tulitumia mashine ya umeme ya kuchomelea kwa waya, tukigusa nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, na kusubiri chuma kipoe mpaka mkono uvumilie kabla ya kuendelea. Kazi hiyo peke yake ilichukua miezi minne ya Jumamosi na Jumapili. Ndani ya vizingiti vipya nilinyunyiza nta ya kuzuia kutu, na nikayaacha wazi matundu yote ya kutolea maji, ambayo watu hupenda kuyaziba kwa gundi wakidhani wanalilinda gari.

Naomba niongeze neno moja kuhusu bisi, maana limenigharimu. Bisi za nyota za Kijapani za wakati ule zinafanana na za kawaida kwa macho, lakini pembe zake ni tofauti, na bisibisi ya kawaida hupanda juu na kuchonga kichwa mpaka kiwe duara. Niliharibu saba kwenye kabureta kabla ya kununua bisibisi ya kipimo cha Kijapani.

Upande wa breki nililipata jambo ambalo nadhani linawafaa sana watu wa Dar es Salaam. Kalipa za mbele za 240Z, yaani vibanio vinavyobana diski ya breki, zina pistoni mbili, nazo zangu zilikuwa zimeganda kwa kutu. Wapenzi wa gari hili duniani wamezoea kwa miaka mingi kufunga badala yake kalipa za pistoni nne kutoka kwenye Toyota Hilux ya magurudumu manne ya kuanzia mwaka 1979, kwa kuwa zinaingia kwenye boliti zilezile na diski ileile; kinachohitajika ni kupunguza bati la kukinga vumbi na kurekebisha mabomba ya mafuta ya breki. Bati hilo la kukinga vumbi nililiweka kabatini na kukata nakala yake, nisije nikavunja sharti langu. Kalipa za Hilux ya zamani nilizipata Ilala asubuhi moja, pamoja na mipira yake ya ndani. Nilikosea kwa kudhani kazi imeishia hapo. Pistoni kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi kila unapokanyaga, na masta silinda ya asili, yaani pampu kuu ya breki, ya milimita 22.2 haikutosha, hivyo pedeli ilizama karibu ifike sakafuni mara ya kwanza nilipoteremka mlima wa Kimara. Hakuna aliyeumia, ila nilifika chini nikiwa nimeshika breki ya mkono kwa nguvu zote. Masta silinda ya milimita 23.8 ilimaliza tatizo.

Nyaya nitazipitia kwa ufupi. Umeme wote wa taa kubwa za gari hili hupita kwenye swichi ya usukani na kwenye kisanduku cha fyuzi, ambacho huungua polepole. Niliweka rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zinazochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, na swichi ya zamani sasa inaziamrisha tu. Springi sikuzishusha, kwa sababu matuta ya kwetu hayana huruma.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni joto. Kwenye L24 kabureta zote mbili zinakaa upande mmoja na ekzosi, moja kwa moja juu ya manifoldi, yaani mabomba yanayokusanya moshi wa injini. Gari likiwa mwendoni hakuna shida, lakini siku ya kwanza niliposimama dakika arobaini kwenye foleni ya Ubungo, kisha nikalizima nikanunue maji, halikuwaka tena. Petroli ilikuwa imechemka ndani ya kabureta na kumwagikia kwenye injini. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga stata bila kuachia, likawaka na moshi mweusi, huku dereva wa bodaboda akinishauri, tena kwa heshima, niliuze. Nissan, waliotengeneza Datsun, walitoa kwa nchi za joto themostati, yaani vali ya maji ya kupozea injini, inayofunguka kwenye nyuzi 76.5 badala ya 82, nami niliiweka, lakini themostati haiwezi kusaidia rejeta iliyoziba, kwa hiyo rejeta ilifunguliwa na kusafishwa mirija yake yote. Kisha nilitengenezewa kule mtaa wa Gerezani ngao ya alumini yenye tabaka mbili na nafasi ya hewa katikati, inayokaa kati ya ekzosi na kabureta, na nikaweka feni ya umeme inayoendelea kuzunguka dakika chache baada ya injini kuzimwa.

Ikabaki harufu. Magari haya yana sifa mbaya ya kuvuta moshi wa ekzosi ndani kupitia nyuma, na mke wangu alikuwa amekataa kupanda mpaka iishe. Nilibadilisha mpira wa mlango wa nyuma bila mafanikio. Hatimaye, usiku umeme ulipokatika mtaani na giza likawa totoro, nilimwomba mpwa wangu alale kwenye buti na tochi, nikafunga mlango, nikachuchumaa nyuma ya gari. “Mjomba, unaona kitu?” Mwanga ulitoka mahali patatu: mara mbili pembeni ya taa za nyuma, ambako mpira ulikuwa umekauka, na mara moja kwenye tundu la waya wa taa ya namba, dogo kama punje ya mbaazi. Tuliyaziba yote usiku uleule kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na gundi, na Jumapili iliyofuata tulikwenda wote watatu hadi Kibaha, madirisha yakiwa yamefungwa.