Intaneti slo? Cheki torenti kwanza

Watu wengi neti ikizingua wanakimbilia kulaumu kampuni ya mtandao au wanaanza kufuta kufuta vitu kwenye browser, mi nasema anza na programu ya torenti, yani ile ya kushusha mafaili ambayo pia inayagawa kwa watu wengine. Juzi jirani kaniletea laptop yake, kurasa zinazunguka tu hazifunguki, nikafungua Task Manager (ile ya Windows inayoonyesha programu zinazofanya kazi) upande wa network nikaona uTorrent, programu yake ya torenti, inakula laini yote, na dirisha alishalifunga kitambo! Ukibonyeza ile X haizimi, inajificha kule chini karibu na saa na inaendelea kugawa mafaili kwa watu usiowajua.

Sasa sikia, tatizo kubwa liko kwenye apload, yani kupandisha data kutoka kwako. Laini nyingi za ADSL (intaneti ya waya wa simu) zinashusha haraka ila kupandisha ni kidogo sana, na kila ukurasa unaofungua kompyuta yako lazima itume maombi na majibu ya "nimepokea", hayo yakikwama nyuma ya foleni ya torenti basi hata dauniloadi inasota. Ndo maana ukipima spidi test torenti ikiwa inaendelea inaweza kukudanganya, ukadhani laini yenyewe ndo mbovu.

Nilichofanya: kwenye settings nikaweka kikomo cha apload, laini yake inapandisha megabiti 1 yani kama kilobaiti 125 kwa sekunde, nikaweka 90, nikapunguza na idadi ya koneksheni maana ruta za bei rahisi zinalemewa kabisa. Kurasa zikaanza kufunguka hapo hapo, torenti ikiwa bado inashusha. Usiweke sifuri lakini, sifuri kwenye uTorrent maana yake hakuna kikomo.