Beetle ya urithi: nilivyoipima kabla ya kuifungua

Gari nililorithi ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972, lililokuwa limesimama miaka 11 bila kuguswa. Watu wote waliuliza kama injini inawaka. Hilo nililiacha mwisho kwa makusudi. Injini ya Beetle imeshikwa na boliti nne tu, unaishusha kwa jeki na kuifanyia kazi mezani. Bodi iliyooza haina njia ya mkato kama hiyo. Kufufua au kuuza kunaamuliwa na bati.

Kabla ya bati kuna karatasi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye mgongo wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma, na ya injini iko kwenye bloku, chini ya kikalio cha jenereta. Nilizilinganisha zote mbili na kadi ya gari, kisha nikapata maandishi ya warithi wenzangu kwamba gari ni langu. Ukichomelea kwanza na kuulizana baadaye, utakuwa umetengeneza gari la ukoo kwa fedha zako.

Vifaa vya kukagua bati ni bisibisi butu, tochi na sumaku iliyozungushiwa kitambaa. Sumaku isiposhika, hapo pana puti nene ya kujazia chini ya rangi. Nilianza na sakafu upande wa kulia chini ya kiti cha nyuma, kwa sababu betri hukaa hapo na asidi yake hula bati taratibu. Nikafuata chaneli za hewa ya moto chini ya milango (mirija ya bati inayopitisha hewa ya kupasha gari joto), sehemu za kuwekea jeki, kichwa cha chasisi mbele pale ekseli inapofungwa, na shimo la tairi la akiba. Chaneli ndizo zinazoamua, maana ndizo uti wa bodi. Zipime hivi: fungua mlango nusu, inua gari kwa jeki upande huo, tazama mwanya kati ya mlango na nguzo. Mwanya ukibana au mlango ukikataa kufunga, chaneli imekwisha hata kama kwa nje inang'aa.

Langu lilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja chini ya betri, na chaneli ya kushoto imeoza kama sentimita 40. Kulia pazima, kichwa cha chasisi kizima. Hiyo ni kazi ya kuchomelea, haijafika kuwa msiba. Kichwa cha chasisi kingekuwa kimeoza pia, ningeuza.

Kulivua gari zima hadi bati tupu sikutaka. Beetle zilitengenezwa 21,529,464, ya mwisho ikitoka kiwandani Mexico tarehe 30 Julai 2003, hivyo vipuri si shida, lakini kwa wingi huohuo Beetle ya kawaida hairudishi gharama ya ukarabati kamili. Rangi yake pia ilikuwa ya kiwandani. Rangi hiyo ikishakwanguliwa hairudi, hata ukipaka ya namba ileile. Halafu magari mengi hufia kwenye maboksi: yamefunguliwa yote kwa wiki mbili, hayajafungwa kwa miaka kumi. Niliamua litembee salama, likiwa na mikwaruzo yake.

Kuchomelea kulianza kwa kutoa tenki, betri, viti na mazulia. Kabla ya kukata chaneli nilichomelea nondo kati ya nguzo za mlango, ya juu na ya chini, nikahakikisha mlango bado unafunga vizuri. Ukikata bila nondo bodi inalegea, na baadaye mlango hautaingia mahali pake. Bati hili ni jembamba, chini ya milimita moja, kwa hiyo nilitumia waya wa kuchomelea wa milimita 0.6 na kupiga nukta moja moja nikihama upande hadi upande. Mstari mrefu wa mfululizo hupinda bati. Kwenye rangi ya zamani piga msasa wa maji. Vumbi lake laweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mwisho nikapulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya chaneli, siku kadhaa baada ya joto la kuchomelea kuisha.

Breki hazikujaribiwa, zilibadilishwa: masta silinda, silinda nne za magurudumu, mipira minne ya kupitisha mafuta ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na kwa miaka 11 unyevu huo unakuwa umechimba vishimo ndani ya silinda ambavyo huvioni mpaka sili mpya zichanike. Vumbi la lainingi za zamani lilowekwe maji, lisipulizwe kwa hewa, kwa kuwa nyingi zilikuwa na asbesto. Nati ya ekseli ya nyuma ni ya milimita 36, na hukazwa angalau Nm 300. Tundu la pini inayozuia nati isifunguke lisipolingana, endelea kukaza hadi linalofuata, kamwe usilegeze. Nati ikilegea, meno ya ndani ya ngoma ya breki huliwa. Matairi yalikuwa na namba tatu tu za tarehe, maana yake yalitengenezwa kabla ya 2000. Yalitupwa.

Sasa injini. Nilitoa plagi, nikamimina kama mililita 15 za oili kila silinda, nikaacha siku mbili, kisha nikaizungusha kwa spana ya 21 kwenye nati ya jenereta. Ilizunguka. Kipimo kilichofuata ndicho kinachosema kama bloku itafunguliwa: mchezo wa krankshafti, mhimili mkuu wa injini, mbele na nyuma. Kipya ni milimita 0.07 hadi 0.13, na ukipita 0.15 injini inataka kujengwa upya. Geji ilisoma 0.11.

Kompresheni, plagi zote zikiwa nje na kabureta imefunguliwa mdomo, ilikuwa baa 7.4, 7.2, 4.3 na 7.3. Nilitia oili kidogo silinda ya tatu, maana oili huziba kwa muda ringi za pistoni zilizochakaa; namba haikupanda, kwa hiyo kosa halikuwa ringi. Valvu yake ya ekzosi haikuwa na nafasi kabisa kati yake na mkono unaoisukuma, hivyo haikufunga sawasawa. Niliweka milimita 0.15 injini ikiwa baridi, kama nyingine.

Usiwashe bila kufungua kava ya feni. Panya hupenda humo kuliko mahali popote, na kiota kikiziba mapezi ya silinda, injini hii inayopozwa kwa hewa huungua ndani ya dakika chache. Mimi nilitoa konzi mbili za majani makavu. Mpira unaozunguka injini nao uwepo wote, la sivyo feni itavuta hewa moto kutoka chini.

Petroli ya zamani ilikuwa gundi ya kahawia. Tenki lilioshwa, kabureta ikafunguliwa yote, mipira ya mafuta ikabadilishwa mpaka ile ya nyuma ya feni ambayo haionekani. Kwenye kabureta, bomba dogo la shaba la kuingizia mafuta limesukumizwa tu. Likichezacheza huchomoka na kumwaga petroli juu ya injini ya moto, na bloku ni aloi ya magnesiamu, ambayo ikishika moto maji huuchochea. Langu lilicheza, nikalikaza upya na kulifunga kwa waya. Mwanya wa platini, swichi inayotoa cheche za plagi, niliweka milimita 0.4, nikafunga kondensa mpya na kutia oili lita 2.5.

Injini hii haina filta ya oili ya karatasi, ina chujio la waya tu. Nati zake sita hukazwa Nm 7. Ukizidisha, stadi hung'oa uzi kwenye bloku. Baada ya kilomita 500 nilifungua tena. Chujio lilikuwa na masizi bila vipande vya chuma, silinda ya tatu ilisoma 6.9, na nafasi ya ile valvu bado ilikuwa 0.15. Ingekuwa imejibana tena, maana yake shina la valvu linarefuka, na ningeshusha silinda hedi siku hiyohiyo kabla kichwa cha valvu hakijakatikia juu ya pistoni.